Kwa kaka, Barabara ya 12

Ukitoka Mlalo alfajiri unashuka na baridi yako mwilini. Koti ni la lazima mpaka Soni, Mombo unalivua, Korogwe unaanza kulilaumu. Coaster ilijaa kabichi juu na watu chini, na kondakta alikuwa mmoja wa wale wanaoamini kuwa kiti cha watu wanne kinatosha sita wakiwa na nia njema.

Nyumbani niliaga kwamba nafuata mota ya mashine ya kusaga, na kweli niliifuata. Ila begini nilikuwa na matofaa na peasi za mama mkubwa, na kichwani nilikuwa na maagizo yake: nikamwangalie kaka, nione kama akili zake bado zipo, halafu nimuulize siku akifa tumfanyeje.

Kaka ni mtoto wa mama mkubwa, tumekulia nyumba moja. Alikuwa besi ya kutegemewa kwenye kwaya ya usharika kabla ya kushuka Tanga kufanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Habari zake zikawa zinapanda mlimani vipande vipande. Hali nyama. Kavaa shanga shingoni. Chumbani ana masanamu. Aliyezileta mara ya kwanza alisema kaingia Freemason, maana kwetu mtu yeyote ambaye sala yake hatuielewi tunampeleka huko kwanza. Mzee mmoja wa ukoo alitaka aitwe serikali ya kijiji akajieleze. Nikamwambia Ibara ya 19 ya Katiba inampa mtu uhuru wa kubadili dini, kwa hiyo hapo kijijini hakuna kosa la kumwitia. Mzee akasema Katiba haijamzaa.

Na Ulutheri kwetu si jambo la jana. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na ukoo wetu uliingia mapema. Nilijaribu kumkumbusha mama mkubwa kwamba hao wa kwanza nao waliacha matambiko ya baba zao, na bila shaka kuna waliolia. Aliniambia nisimletee ujuaji.

Ukishapita Segera na kushika barabara ya Tanga unaingia kwenye mkonge. Mistari imenyooka mpaka inachosha macho. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeleta miche ya kwanza, 1893, akaipanda Kikogwe kule Pangani, na mkoa mzima ukala na kulala kwa zao hilo miaka mingi. Muheza ni machungwa dirishani, huna ujanja, unanunua. Kisha Kange, stendi, na madereva wa bajaji wanaokuita shemeji kabla hujashusha mguu.

Ngamiani mitaa yake ina namba, mgeni hapotei. Nyumba ya Barabara ya 12 ni ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Mwenye nyumba ni bibi wa Kidigo, na nilimkuta barazani na ukili wake. Nilipojitambulisha alinipima kwanza.

"Wewe ndiye wa milimani uliyetumwa?"

Nikasema nimekuja kununua mota.

"Haya. Mpangaji wangu halewi, haleti wanawake, kodi analipa kabla sijadai. Lakini humo chumbani mwake miye siingii. Nikiwa na shida naye namwita nje."

Na kweli, muda wote niliokuwa pale sikumwona akivuka kizingiti kile. Akileta ujumbe husimama pembeni ya mlango, uso ameuelekeza uani.

Kaka alirudi jioni. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, mvua je. Amekonda kidogo, ila si kukonda kwa ugonjwa. Nilimkabidhi matunda, akachukua tofaa moja, akalifuta vizuri, akaenda kuliweka mbele ya picha kabla ya lolote. Picha yenyewe ilikuwa ya Krishna, mungu wa Wahindu, na filimbi yake, mpenzi wake Radha ubavuni. Chini yake kijimeza kimefunikwa kitambaa cha manjano, juu yake kikombe cha shaba, kengele ndogo isiyozidi kidole gumba, na taa ambayo utambi wake ni pamba aliyoisokota mwenyewe na kuichovya kwenye samli. Kando ya dirisha kopo la rangi lililopandwa mmea ambao mimi niliuona ni mrihani. Ni jamii ya mrihani kweli, akasema, lakini huu ni tulasi, haukatwi kwa ajili ya mboga.

"Unajua kuna Mmarekani aliyepanda matofaa kwenye milima ya India?" akaniuliza. Akanisimulia habari za Samuel Stokes, Mkristo wa dhehebu la Wakweka, wa Philadelphia, aliyekwenda India 1904 kuhudumia wagonjwa wa ukoma, akaoa huko, akaleta miche ya matofaa kutoka kwao, na mwaka 1932 akaingia Uhindu na kujiita Satyananda. Matofaa ya Himachal, jimbo la milimani huko India, yanayosifika leo yana mkono wake. Kaka alikuwa na hadithi nyingi za aina hiyo, zote za watu waliotangulia kupita alipopita. Aliyempenda zaidi ni Mghana, Swami Ghanananda, aliyezaliwa 1937 kijiji cha Senya Beraku, wazazi wake wakiwa wameingia Ukristo. Alikwenda Rishikesh, India, kujifunza, akarudi Accra kuanzisha nyumba ya watawa, na alifariki 2016. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya kaka: mzee mweusi, joho la rangi ya chungwa, anacheka.

"Kwa hiyo si mimi niliyeanza kurogwa," akasema.

Chakula alipika mwenyewe: ugali, kunde za nazi, bamia. Watu wa njia yake, wa chama cha Kihindu cha Hare Krishna, hawali nyama wala samaki wala mayai, vitunguu na kitunguu saumu hawagusi, na chai pia wameiacha. Tanga! Mtu anaishi Tanga hali samaki, na jioni barazani watu wanapiga chai ya tangawizi yeye ana maziwa ya moto. Badala ya kitunguu anatia mvuje. Harufu ilipotoka uani niliwasikia wapangaji wenzake wakinong'ona, maana Pwani mvuje unajulikana kwa kuwafunga watoto wasichezewe na mashetani. Nadhani baadhi yao wamekwisha kata shauri kwamba kaka ana jini, anamtuliza.

Jambo moja lilinishinda. Mpishi haonji. Chakula hutolewa kwa Mungu kwanza, hivyo ulimi wa mtu usitangulie. Alikoroga, akanusa, akakadiria chumvi kwa vidole, akaenda kukiweka mbele ya picha, akagonga kengele. Tulipokula, chumvi ilikuwa imezidi waziwazi. Alitafuna kwa furaha bila kusema kitu, nami nikanywa maji mengi.

Nilimuuliza nani alimwingiza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia tajiri yake, Mgujarati mwenye duka. Hapana. Miaka yote pale dukani hajawahi kualikwa hata siku moja. Aliyempa kitabu ni mwenzake wa Mombasa, Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, akaisoma mistari yake 700, akarudia. Chama chenyewe kilianzishwa New York 1966 na mzee wa Kihindi, A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, na hicho hupokea mtu wa taifa lolote. Kwa Wahindu wengi wa asili mambo si hivyo. Mtu huzaliwa Mhindu, na tabaka lake analo tangu tumboni. Wale wa Arya Samaj, chama cha Wahindu wa mageuzi kilichoanza 1875, ndio waliofanya ibada maalumu ya kumpokea anayetoka dini nyingine, na hilo lilizua ubishi mkubwa kwao.

"Kanisani nilikuwa nakaa nasikiliza," akasema. "Huku nina kazi. Naamka saa kumi, naoga, namwamsha Krishna, namvisha, namlisha. Mimi ni mtu wa mikono, mdogo wangu."

Sababu hiyo niliielewa kuliko zote alizonipa. Ile ya karma hatukuelewana. Nilimuuliza mtoto anayezaliwa kipofu kakosa nini. Akasema analipa ya maisha yaliyopita, halafu akanigeuzia: "Nyie mnasema ni mapenzi ya Mungu. Lipi lina nafuu?" Sikuwa na jibu la haraka, lakini sikubali mpaka leo. Anayeugua kumwambia deni ni lake mwenyewe, hata kwa upole, mimi naona ni kumwongezea mzigo.

Kesho yake jioni alinichukua hekaluni. Viatu nje, miguu inaoshwa, kengele inagongwa unapoingia. Waliokuwepo walihesabika kwa vidole, wengi wazee. Tanga ya matajiri wa mkonge ilikuwa na Wahindi wengi. Mashamba makubwa yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, na majumba ya kupangisha 1971, wengi walifunga mizigo. Saa ya arati taa ilizungushwa mbele ya miungu, kila mtu akapitisha viganja juu ya moto na kujipaka usoni. Aliyepiga ngoma ni kaka. Aliyeongoza wimbo alikuwa mama wa sari ya kijani, na nyuma yake nikaisikia ile besi ya Mlalo, haijapungua, inaimba Kisanskriti.

Mzee mmoja alinipa halua ya ngano yenye iliki, kiganja cha kulia. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kunishinda mimi. "Sisi hatukumwita," akaniambia, kana kwamba nimekwenda kudai. "Alikuja mwenyewe, akakaa nyuma pale mwaka mzima. Sasa anajua sala kuliko wajukuu zangu walioko Leicester." Nikamuuliza, basi ni mwenzenu? Alifikiri. "Hekaluni, ndiyo," akasema. Akaniongezea halua.

Hapo ndipo niliposhika uzito wa jambo. Kwetu anaonekana ametoka, na kule amefika ukumbini tu, hajaingia vyumba vya ndani. Mwenyewe haimsumbui. Mimi ilinisumbua.

Swali la mama mkubwa nililitoa Raskazone, tukiwa tumekaa tunaangalia bahari. Yeye alikuwa na tasbihi yake ya punje 108 ndani ya mfuko wa kitambaa wenye tundu. Kidole cha shahada kinatokezwa nje kwa sababu hakitakiwi kugusa punje. Anazunguka mara 16 kila siku. Nilisubiri amalize mzunguko.

"Mama anauliza ukifa."

Hakushtuka. Akanionyesha ufuko. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari kama 8,000 kutoka India, wakiwemo Warajputi na watu wa Kashmir, na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, watu kama 1,000, likawarudisha baharini. Nyuki wa Tanga nao waliingia vitani. "Hao waliobaki hapa," akasema, "unadhani nani aliwawashia moto?"

Kwake kuchoma maiti si ushenzi. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Anglikana Kenya alichomwa 2005, na mkewe kabla yake. Wangari Maathai alichomwa 2011. Wakristo wote hao. Nikamwambia Nairobi kuna tanuri la maiti la Kariokor, Mlalo kuna migomba. Halafu nikamkumbusha wakili S. M. Otieno wa Kenya: mwili ulikaa mochwari miezi mitano mjane na ukoo wakivutana mahakamani azikwe wapi, na 1987 ukoo ndio ulioshinda.

Alikaa kimya, kisha akasema taratibu: "Anayewasha ni mtoto wa kiume wa kwanza. Mimi sina. Utawasha wewe?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa ajili ya heshima. Mdomo ulikataa. Nikamwambia, kaka, siwezi, na mama nikimrudia na majivu kwenye chungu hatamaliza mwezi.

Usiku ule niliomba nisome hiyo Gita yake. Sura ya pili inasema mwenye mwili huvua miili iliyochakaa na kuvaa mingine, kama mtu avuavyo nguo kuukuu. Asubuhi, akiwa anamwagilia tulasi, nikamwuliza: kama ni nguo tu, unajali nini ikifukiwa Mlalo badala ya kuchomwa Tanga?

Alicheka hadi bibi akachungulia, akiwa bado nje ya kizingiti. "Umesoma usiku mmoja umekuwa mwalimu," akasema. Akaingia, akatoka na kalamu, akaandika masharti nyuma ya risiti ya mota yangu.

Azikwe Mlalo, kando ya baba. Shanga za shingoni zisikatwe. Kwaya ikitaka kuimba iimbe, ila besi wafanye mazoezi. Mchungaji akikataa kuzika mtu aliyeacha usharika, asibembelezwe, mama asiende kulia ofisini kwake. Na msibani asichinjwe ng'ombe wala mbuzi; watu wapewe wali na maharage.

Risiti niko nayo. Mama mkubwa akisomewa, kaburi atashukuru, shanga ataguna, na mchungaji atamwendea hata akatazwe. Ugomvi utakuwa kwenye ng'ombe. Nimeshamsikia kichwani akiuliza watu wapande mlima ule wote kuja msibani kula maharage, ukoo utaitwaje. Na mimi ndiye nitakayetakiwa kujibu, kwa sababu mwenye masharti hatakuwepo.