Saa moja na dakika kumi

Mama anaendelea vizuri jamani baada ya kile kiharusi, asanteni kwa meseji, nimeshindwa kuwajibu wote. Mkono wa kulia umerudi, kijiko anashika mwenyewe, mdomo tu bado umevutika kidogo na akichoka maneno yanateleza. Barua ya uhamisho nayo imetoka na harusi ya Mwanaidi imepita bila mimi, hayo tutaongea. Kinachonikera ni jinsi alivyosahaulika Zuhura, yule msichana anayekaa na mama.

Kule dharura daktari aliuliza swali moja, akalirudia: "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Siyo mmemkuta saa ngapi. Baba mdogo akawahi, "Ameamka hivi hivi." Nikaona uso wa daktari umebadilika, maana mtu akiamka na kiharusi wanahesabu toka alipoenda kulala, na mama alilala saa nne usiku, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho wake masaa manne na nusu, kwa hiyo ingekuwa basi tena. Zuhura alikuwa nyuma kabisa, kakumbatia mkoba wa mama na khanga. Akasema, "Hapana. Saa moja na dakika kumi nimempa chai, kapokea kwa mkono huu huu, akaniambia sukari haitoshi."

"Una uhakika na saa?"

"Redio ilishamaliza habari, wameingia michezo."

Daktari akaandika, mama akakimbizwa CT scan, kupigwa picha ya kichwa. Basi. Naisikia ile "hapana" yake mpaka leo, nikipika, nikiwa kwenye daladala, mtoto wa watu kampinga baba mdogo mbele ya daktari na sauti haikutetemeka.

Sasa Jumapili nyumba imejaa, baba mdogo kasimama kushukuru, Mungu, madaktari, jirani mwenye gari, hadi mimi kwa kadi ya bima. Zuhura yuko uani anasugua masufuria ya pilau, hakutajwa. Nikamnong'oneza baba mdogo, akasema, "Si ndiyo kazi yake kukaa na mama?" Kazi yake! Wakati majirani walishaleta mafuta ya kumkanda, eti upepo mbaya, na yeye ndiye aliyesema, "Mdomo umeenda upande, huyu hospitali sasa hivi."

Jana nikamfuata jikoni kumshukuru. Akaniuliza, "Kwani dada, ile saa daktari aliandika ya nini?" Nikamweleza yote. CT ilionyesha hakuna damu iliyovuja, mshipa umeziba tu, ndiyo maana alteplasi, ile dawa ya kuyeyusha damu, ikafaa, ila nayo inaweza kuvujisha damu kichwani, kwenye utafiti wa Marekani wa 1995 iliwapata kama 6 katika kila 100, na karatasi nikasaini hivyo hivyo. Presha ilibidi ishuke chini ya 185 kwa 110 kwanza. Mama ana kilo 70, akapewa miligramu 63, sehemu moja ya kumi inasukumwa kwa sindano dakika moja, iliyobaki inaingia kwa mashine saa nzima, na saa nzima macho yangu yako kwenye vidole vyake. Kabla haijaisha nesi akamwambia, "Nibane mkono, mama," akambana. Usiku wote wakawa wanammulika macho na tochi wanamuuliza jina lake, hata aspirini hawakumpa mpaka kesho yake CT iliporudiwa.

Zuhura akanyamaza, kisha akasema, "Siku ile nilitaka kuizima redio, betri zilikuwa zinaisha."

Jamani. Toka hapo ile hasira ya Jumapili hata siioni, mwili unanisisimka tu. Angeizima? Nimenunua betri nyingi nimejaza droo, na baba mdogo nitamwambia tena, mbele ya wote, akasirike akitaka.

Halafu Hamisi kapata bajaji ya mkopo, marejesho ni kila wiki, mdhamini ni mimi, na huko ninakohamishiwa hata chumba sijapata.