Filimbi ya saa tisa usiku

Mtaani kwetu Tabata kila kaya huchangia ulinzi kila mwezi, nami kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaotoa mchango huo kwa kununa. Vijana wanaolinda walipopungua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alituomba wanaume tujipange kwa zamu, nikaingia lindoni kwa miezi miwili.

Ulinzi wa namna hii ulitangulia vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Leo hapa Dar es Salaam tunasema ulinzi shirikishi, jina lililozoeleka pamoja na polisi jamii.

Saa tano usiku tunaandikishwa kwenye daftari katika ofisi ya serikali ya mtaa, tunagawana tochi, virungu na filimbi, kisha tunatoka wawili wawili hadi adhana ya alfajiri. Kazi yenyewe haina ushujaa mwingi: unatikisa kufuli za fremu za maduka, unamsindikiza hadi kituo cha basi mama anayewahi samaki soko la Feri, unamuuliza usiyemfahamu anakwenda kwa nani. Swali hilo linafanya kazi kuliko kirungu, kwa sababu askari aliyemo kwenye gari la doria hawezi kujua kwamba kijana aliyebeba godoro usiku wa manane ni mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba, ilhali sisi tunamjua, na hata deni lake tunalijua.

Usiku mmoja, saa tisa, filimbi ililia upande wa bondeni. Tulimkuta kijana amekamatwa na betri ya bajaji, na kabla hatujapumua majirani walikwisha kutoka na matofali, wengine wakiwa bado na vitenge vya kulalia. Hasira yao niliielewa, maana kumbukumbu za Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, za mwaka 2022 hazijafutika. Hata hivyo wenzangu walimzunguka mtuhumiwa, wakampa mgongo na kuwakabili majirani, huku kiongozi wetu akirudia kwa sauti ya chini, "Jamani, huyu ni wa kituoni." Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa, kumpiga hakumo. Tofali moja lilimpata mwenzetu begani.

Tangu usiku ule sinuni tena, ila jambo moja bado linanikera: fedha zetu hukusanywa bila risiti, na kijana anayekesha akilipwa kwa kubahatisha atashawishika kuomba "ya maji" kwa anayemsimamisha njiani. Nilisimama mkutanoni nikadai mapato na matumizi yabandikwe ukutani. Karatasi ya kwanza imebandikwa wiki iliyopita, imeandikwa kwa mkono, na betri za tochi zimehesabiwa mara mbili.