Mtani Aliyevaa Koti la Marehemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Luka 15:25–32. Naomba tulisome tukiwa bado na vumbi la makaburini viatuni, maana wengi wetu tulikuwa pamoja kule upande wa Kalenga kumzika mzee wetu.

Waliowahi kufika waliona. Jeneza sebuleni, mjane kwenye mkeka ameegemea ukuta, hajatia kitu kinywani tangu juzi yake. Hakuwa akilia. Akinamama walimbembeleza alie, au aseme hata neno moja, naye kimya. Ndipo akaingia mtani, yaani mtu wa kabila tunaloruhusiana kutaniana nalo hata msibani, mama wa Kingoni anayekaa nyumba ya tatu, amevaa koti la marehemu, lile la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko. Akavuta kigoda cha mzee, akampa mjane mgongo, akakohoa vilevile alivyokuwa akikohoa mwenyewe. Halafu akamwita mjukuu: "Wewe, mwambie bibi yako mimi nimeshakufa. Kama ana neno na mimi, safari hii aje aseme mwenyewe."

Nyumba nzima ikatulia. Tulijua anagusa nini. Zamani mzee aliuza mtamba bila kumshirikisha mkewe, wakakaa miezi mitatu chini ya bati moja bila kusemezana. Ugali ukiiva, mama anamwambia mtoto, "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba yuko palepale, amesikia, naye anajibu, "Mwambie mama yako nanawa." Watoto wakawa matarishi kati ya jiko na kiti.

Mabega ya mjane yakaanza kutikisika. Tulidhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, kile alichokuwa amekibana siku mbili, akainuka akasema na jeneza kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyoyasema ni yao wawili. Baadaye akaomba uji.

Kijana mmoja aliyetoka mjini aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama mambo haya yanafaa nyumba ya Kikristo. Swali lake ni zuri na nimelibeba wiki nzima.

Kwanza tukumbuke utani huu umetoka wapi. Wangoni waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, na kizazi kilichofuata kikakutana na babu zetu Wahehe kwa mikuki. Mwishoni mwa miaka ya 1870, enzi za Munyigumba, mtawala wa Wahehe, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1880 chini ya mwanawe Mkwawa, damu ilimwagika sana kati ya watu hawa, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo wajukuu wa waliochomana mikuki wanaitana watani. Mngoni akimwona Mhehe anamuuliza habari za mbwa wake, kama bado yupo au ameshaingia chunguni, na Mhehe hakasiriki. Anatafuta la kumrudishia. Kalenga tuna makumbusho, na ndani yake fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani aliopigana nao, likarudi nyumbani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Kilio chetu tumekijengea nyumba, na ni haki. Kicheko kilichowafanya maadui wazikane hakina jengo. Kimetunzwa na watu kama yule mama mwenye koti, na mimi nakihesabu kuwa neema ya Mungu juu ya nchi hii ya Iringa, hata kama waliokianzisha hawakuwa wamelisikia jina la Yesu.

Sasa turudi kwenye Neno. Nyumba aliyoigiza mtani ilikuwa ya kutunga: mume mwenyewe yuko ndani ya jeneza, anayekohoa ni jirani. Lakini kwa nyumba ile ya kutunga mjane aliiona ya kwake. Nabii Nathani alimwendea hivyohivyo mfalme Daudi, aliyekuwa amemtwaa mke wa mtu. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake, na tajiri aliyemnyang'anya. Daudi akawaka hasira juu ya mtu ambaye hayupo popote duniani, mpaka alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye.

Bwana wetu naye alipotaka kusema na Mafarisayo walionung'unika, alitunga familia, na angalieni alivyoitunga. Mwana mdogo anadai urithi baba yu hai. Mwana mkubwa anafanya kazi miaka yote na moyoni ana daftari la madeni. Baba anatoka mbio barabarani kumlaki mdogo aliyerudi mikono mitupu, jambo ambalo mzee mwenye heshima zake halifanyi. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile unayeweza kumtundika ukutani kama mfano wa familia bora.

Nawaomba mkae kwenye mstari wa 30. Mkubwa, aliyegoma kuingia kwenye karamu ya kumpokea mdogo wake, anamwambia baba yake, "huyu mwana wako". Hataki kusema "ndugu yangu". Anampitisha mdogo wake kwa baba, kama yule mama alivyompitisha mumewe kwa mtoto: mwambie baba yako. Ni mume wake, lakini mdomoni amekuwa baba wa fulani tu. Ni mdogo wake, lakini mdomoni amekuwa mwana wa mtu mwingine. Na baba, mstari wa 32, anamrudishia neno lake kwa upole: "huyu ndugu yako alikuwa amekufa, naye amefufuka". Nimesoma sura hii tangu Shule ya Jumapili, na kusema kweli sikuwahi kuyaona maneno hayo mawili yakikabiliana mpaka niliposikia "mwambie bibi yako" pale msibani.

Lakini yule kijana ana haki ya kuogopa, kwa sababu kipo kicheko kinachoua. Nyumba ya Ibrahimu ilivijua vyote viwili. Sara alicheka kwa kutoamini, akakana, akaambiwa, "Sivyo, umecheka." Mungu hakumwondolea ahadi kwa sababu ya kicheko kile, alimpa mtoto anayeitwa Isaka, jina linalotokana na kucheka, naye Sara akasema, "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami." Sura hiyohiyo ya 21 ya Mwanzo, mistari michache mbele, mwana wa Hajiri, mjakazi wa Sara, anaonekana akidhihaki, na katika Kiebrania neno hilo ni la mzizi uleule wa jina la Isaka. Mwisho wake ni mama na mtoto nyikani na kiriba kimekauka. Kicheko cha aina moja kimeleta karamu, cha aina nyingine kimevunja nyumba.

Mimi tofauti yake niliiona kwa macho siku ile. Yule mtani alifika saa kumi na moja alfajiri na kuni kichwani, baridi la Iringa likiwa limeuma. Aliosha masufuria, na watani wenzake wa kiume ndio walioshika jembe kaburini. Aliyecheka juu ya ndoa ya marehemu ndiye aliyekuwa na mafusho ya jiko machoni kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo kijana wangu, ukiona mtu anataja nyufa za nyumba ya mwenzake, tazama mikono yake imebeba nini. Yesu alipomchekesha mtu kwa habari ya kibanzi na boriti (na ndugu zetu wa Mafinga wanaopasua mbao wanajua boriti ikoje), alikuwa njiani kwenda kubeba mti wenyewe.

Na lile la mwana mkubwa, Bwana aliliacha hivyohivyo. Hatuambiwi kama aliingia ndani. Ngoma inasikika, ndama ameshachinjwa, baba amesimama nje naye gizani, na Luka anaanza sura nyingine.

Kwa desturi koti lilibaki kwa mtani. Jana nilimwona nalo sokoni, amelikunja mikono, anachagua viazi. Mjane alikuwa upande wa pili wa njia, siku yake ya kwanza kutoka. Akasimama, akalitazama lile koti kwa muda, akapaza sauti: "Mzee! Mtamba ulimuuza shilingi ngapi?" Mtani akaacha viazi, akavuka njia kwenda kumjibu.