Swali Ninalowauliza Wahandisi wa Programu

Tangu nianze kukaa upande wa wanaouliza katika mahojiano ya kuajiri wahandisi wa programu hapa Nairobi, nimeachana kabisa na mafumbo ya kupima akili. Swali langu kuu limetoka katika kazi yenyewe: mteja amelipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa, na taarifa ya malipo hayo imefika kwenye seva yetu, yaani kompyuta inayopokea taarifa za malipo, mara mbili. Utafanya nini?

Ndani ya swali hilo mna sehemu kubwa ya kazi tunayoifanya kutwa. Mteja anapotaka kulipa, ujumbe hujitokeza kwenye simu yake ukimtaka aweke nambari ya siri, na akishaiweka, seva ya mfanyabiashara hupelekewa taarifa yenye kiasi cha pesa na nambari ya risiti. Mfumo wowote unaopokea taarifa kupitia mtandao hauna budi kutarajia kwamba taarifa ile ile yaweza kurudi tena, au isifike kabisa ilhali pesa zimekwisha kukatwa.

Watahiniwa wengi hujibu kwamba wataitafuta kwanza nambari ya risiti katika hifadhidata, na wasipoikuta ndipo watakapomwongezea mteja salio. Si jibu baya. Basi huwauliza: je, taarifa zote mbili zikiingia kwa wakati mmoja? Kila moja itatafuta, hakuna itakayokuta kitu, na mteja aliyelipa 1,500 atajikuta na 3,000. Hapo hutulia nikasubiri, kwa kuwa dakika zinazofuata ndizo zinazonieleza mengi. Wapo wanaochukua kalamu, wakachora mishale miwili ubaoni, mmoja kwa kila taarifa, wakafuata kila mmoja hatua kwa hatua, hata wakatambua kwamba hifadhidata yenyewe ndiyo inayopaswa kuikataa nambari ya risiti inayojirudia, na kwamba kuandika risiti na kuongeza salio ni lazima vifanikiwe pamoja au vishindwe pamoja. Aliye makini zaidi hukumbuka pia kwamba taarifa ya pili ijibiwe kuwa imepokelewa, la sivyo huenda ikaendelea kutumwa. Simdai mtahiniwa afike huko peke yake. Nikimdokezea akalishika dokezo na kulifanyia kazi, nimeshaona jinsi tutakavyofanya kazi naye.

Kampuni nyingi za hapa zimeiga mtindo wa mahojiano wa kampuni za teknolojia za California, wa mafumbo na maswali ya ubaoni, bila kuuchunguza. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, alikiri hadharani kwamba mafumbo ya kupima akili yalikuwa ni kupoteza muda. Miaka miwili baadaye Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi kwenye kompyuta za Mac, alieleza kwamba Google ilimkataa kwa kuwa hakuweza kuugeuza ubaoni mti wa data wenye matawi mawili mawili, zoezi la kawaida la darasani. Sisemi kwamba algoriti, yaani hatua zinazofuatwa na kompyuta kutatua tatizo, hazina maana. Mhandisi asiyejua kwa nini kutafuta katika rekodi milioni moja bila faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila rekodi ilipo, kunachelewesha mfumo atawasumbua wenzake na wateja pia. Ila maarifa hayo hujitokeza yenyewe katika swali la malipo, bila kumlazimisha mtu kukariri majibu usiku kucha.

Jambo jingine ninalolishikilia ni lugha. Humruhusu mtahiniwa aeleze kwa Kiswahili akitaka, kwa sababu timu yetu hujadili hitilafu kwa Kiswahili kila siku, na nimeona watu waliokuwa wakibabaika kwa Kiingereza wakifafanua mfumo mzima kwa ufasaha pindi walipopewa nafasi hiyo.

Kuhusu kazi za majaribio ambazo mtahiniwa hupewa akafanyie nyumbani, msimamo wangu ni mkali. Kampuni moja iliwahi kunipa kazi iliyomeza wikendi yangu nzima, nikaiwasilisha, na hadi leo haijanijibu hata neno. Mtu aliyeajiriwa kwingine, mwenye watoto, hana wikendi ya kuitoa bure. Kazi ya namna hiyo isizidi saa mbili, na ikizidi ilipwe. Katika timu yetu kila aliyeifanya hupata jibu la maandishi, hata asipochukuliwa, likimweleza alipofanya vizuri na mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu yake, uliotutia shaka.