Kompresa ya S195: hatimaye imeacha kuhema

Imetulia! Hii ni kompresa ya upepo inayoendeshwa na S195, injini ya dizeli ya silinda moja. Jakihama (nyundo ya upepo) inachapa kazi, sindano ya geji ya tenki inacheza kati ya baa 6.5 na 7, na injini yenyewe inapanda na kushuka resi taratibu kulingana na upepo unavyotumika. Wala sijaigusa. Mnaofuatilia mradi huu mnajua nilivyoteseka na huko kuhema: inanguruma, inalala sailensa (resi ya chini kabisa), inanguruma tena, kutwa nzima, mpaka majirani wa huku Uyole, Mbeya, wakawa wanauliza kama naifanyia makusudi.

Kwa ufupi kwa wageni: upepo haugusi dizeli. Ndani ya S195 kuna gololi za chuma. Injini ikizidi kasi zinakimbilia nje na kupunguza mafuta, springi ya mkono wa resi inapinga. Hiyo ndiyo gavana. Mimi nimeweka kifaa cha upepo kinacholegeza springi hiyo tenki likikaribia kujaa. Gavana ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta, upepo unaipangia tu kasi ya kulinda, kati ya mizunguko 2,000 na 900 hivi kwa dakika.

Sasa mchawi mwenyewe. Nilikuwa natumia selinda ndogo ya pistoni, nzuri, inang'aa. Nikaifunga kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Kuanza kusogea, kilo 5.5. Kurudi, ikagoma mpaka mzigo uliposhuka hadi 2.5. Kilo tatu nzima katikati hapo pistoni imekabwa na oringi zake, zile pete za mpira za kuzuia upepo usivuje, haijui presha imepanda wala imeshuka. Weka hilo kwenye tenki: presha inapanda, pistoni kimya, halafu inaruka mpaka mwisho na injini inalala. Jakihama inanyonya tenki, presha inashuka, pistoni bado kimya, ikija kuachia inaachia yote. Ongeza flaiwili ya S195, lile gurudumu la pembeni, nzito kama dhambi, isiyobadili kasi papo hapo. Kila injini inapofika ilikotumwa, tenki limeshapita. Grisi ilisaidia asubuhi moja. Springi ngumu zaidi ikahamishia kuhema kulekule kwenye presha ya juu.

Dawa imetoka kwa mzee wa skrepa Mwanjelwa.

"Shikamoo mzee. Hilo kopo la pembeni ya turbo unaliuza?"

"Marahaba. Kopo tupu nikuuzie bei gani, mwanangu? Beba turbo zima."

Nikabeba. Ni kopo la westigeti la Fuso, yaani linalosukuma mlango wa kupunguza moshi unaozungusha turbo: ndani diaframu ya mpira na springi, hakuna oringi inayosugua ukuta. Mizani ileile ikasoma 4.2 kwenda, 3.8 kurudi. Nikacheka peke yangu.

Ila kopo hilo halitaki hata baa moja, na tenki lina saba. Kwa hiyo kuna vali ya springi inayoanza kupitisha upepo kidogo tenki likivuka 6.5, na kwenye mpira wa kwenda koponi nimechomeka jeti ya sailensa ya karabureta ya bodaboda, kipande chenye tundu dogo sana, inavujisha upepo nje muda wote. Usiizibe! Bila tundu hilo upepo ukishaingia koponi hautoki, injini inabaki imelala huku tenki linaisha. Tundu ndilo linalofanya kopo lisimame nusu, robo, popote vali inapotaka.

Na kwa tundu dogo namna hiyo, thredi tepu ni adui. Kauzi kamoja tu kakikatika, jeti imeziba. Nimehamia gundi ya thredi. Maji nayo: asubuhi za Julai huku juu bomba linatoka jasho la kutosha, kwa hiyo chujio la maji linakaa kabla ya vali.

Kuna wanaosema upepo upandishe resi badala ya kuishusha, ili mpira ukipasuka injini ilale. Hoja ina maana kwenye mitambo mingine. Kwangu mpira ukipasuka injini inarudi kwenye kasi ya juu niliyoiwekea kikomo kwa skrubu, na tenki lina vali yake ya usalama. Halafu tenki likiwa tupu nataka lijae haraka, sio injini inisubirie sailensa.

Mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, haujanisumbua upande huu: nyuma ya diaframu pako wazi, hivyo kopo linasoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, kama geji. Nikiiteremsha Chunya sitagusa springi. Nguvu ya injini ni habari nyingine.

Kilichokuwa kinafuata ni kava la mikanda na rangi. Kava litafungwa kabla mtu mwingine hajaiwasha, rangi isubiri, maana nimepata wazo: kopo la pili lishikilie vali ya kunyonya ya kompresa ikiwa wazi wakati wa kupiga hendeli, mkono upumzike. Lakini tenki likiwa tupu kabisa, upepo wa kuifunga vali hiyo utatoka wapi? Natafuta kichwa kibovu cha kompresa nikipasue kwanza.