Kunde na maji ya chumvi: miche ndiyo inayoumia

Leo nimeng'oa mimea michache kwenye ndoo za majaribio, na sasa sina shaka: ukitaka kujua kunde zinastahamili chumvi kiasi gani, uliza kwanza chumvi imezikuta zikiwa na umri gani.

Hapa kwetu Micheweni, kaskazini mwa Pemba, visima vya karibu na pwani huzidi chumvi kiangazi, wakati huo huo ng'ombe wanapokosa majani. Klova, majani yanayopandwa kwa malisho, huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita 1.5 desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme. Kunde hufika kama 4.9. Tena kunde tunakula wenyewe, majani na mbegu, na mabua anapata ng'ombe. Ninachanganya maji ya bahari sehemu moja na ya mvua sehemu tisa, yaani kama gramu 3.5 za chumvi kwa lita. Ndoo zimetobolewa chini ili chumvi isilimbikane.

Kuota, zimeota zote. Za maji ya chumvi zilichelewa tu, kwa sababu chumvi huizuia mbegu kunyonya maji. Shangazi akafurahi: "Zishaota hizo, hazina neno tena." Neno lilikuwepo. Majani ya mwanzo yalipokunjuka, miche ikadumaa, na majani ya chini yakaungua kuanzia ncha na kingo, ilhali ya juu bado kijani. Chumvi inayopanda na maji hujikusanya kwanza kwenye majani ya zamani.

Lililonishughulisha zaidi liko mizizini. Mkunde wa maji matamu una vinundu vinene, na nikikipasua kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu kama ufizi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria wanaivuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mkunde wa chumvi una vinundu vichache, vidogo mno, na ndani ni vyeupe. Ndiyo maana hata majani yasiyoungua yamepauka: kiu na njaa vimeukuta pamoja, ungali mchanga.

Mbali na ndoo za maji matamu tu na za chumvi tangu mwanzo, ndoo za kundi la tatu ndizo zinazonipa moyo. Hizi zilipewa maji matamu mpaka zikatia maua, kisha chumvi ile ile. Majani ya chini yamefifia kidogo, lakini maganda yanajaa vizuri.

Kwa hiyo kiangazi kijacho tangi la mvua ni la miche peke yake, na maji ya kisima yataanza maua yakitoka. Nitaanza na tuta moja karibu na zizi, nipande tena hapo hapo baada ya masika kuuosha udongo.