Ninavyopitia faili la mkopo wa nyumba hapa Tanga

Faili la mkopo wa nyumba likifika mezani kwangu, sianzi na mshahara. Naanza kwa kuuliza nani ana haki ndani ya nyumba hiyo. Mshahara mdogo unaonekana kwenye karatasi siku ile ile. Mke ambaye hakutia saini utamwona mahakamani, nyumba ikishatangazwa mnada.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 hakikubali rehani ya nyumba ya ndoa bila saini au ridhaa ya mwenza. Mwombaji huapa kuhusu ndoa yake, ila kiapo peke yake hakinitoshi. Naenda mwenyewe, iwe Makorora au Chumbageni, napiga hodi, nazungumza na waliomo, kisha napita kwa mwenyekiti wa mtaa. Huku pwani mume anaweza kuwa na wake wawili akaandika mmoja tu. Nikimkuta wa pili anaishi humo, na saini yake naitaka. Mwenza asaini mbele ya wakili, mume akiwa nje, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili cha wazi kwamba mkopo usipolipwa nyumba itauzwa. Hapo silegezi hata siku moja, kwa sababu ndimo wanamolala watoto.

Kinachofuata ni mirathi. Ngamiani utaletewa hati ingali na jina la marehemu, imeambatishwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo hautoi mamlaka ya kuweka rehani. Mahakama imteue msimamizi wa mirathi kwanza, hati ihamishwe, ndipo tuzungumze mkopo.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati naufanya mara mbili: kabla ya kuidhinisha, na tena siku chache kabla ya kutoa fedha, maana zuio linaweza kuwekwa katikati. Naangalia jina, namba ya kiwanja, miaka iliyobaki (hati inaweza kuwa ya 33, 66 au 99), rehani nyingine, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kisha nashika ramani ya upimaji na kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kwa miguu. Hati inaweza kuwa halali kabisa, kumbe nyumba imejengwa kwenye ploti ya jirani. Mthamini akionyeshwa nyumba na mkopaji tu, naye atathamini mali isiyo dhamana. Upande wa Raskazone nina la ziada, mita 60 kutoka ufukweni, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu.

Mshahara sasa. Kwa mwajiriwa, theluthi moja ibaki mkononi baada ya makato yote, na mkopo uishe kabla ya kustaafu. Riba ikiwa inaweza kubadilika, napiga hesabu mara mbili. Milioni 40 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 juu ya salio, ni karibu shilingi 560,000 kwa mwezi. Riba ikipanda hadi 17, inakuwa karibu 616,000. Akishindwa kuibeba hiyo ya pili, napunguza mkopo. Kurefusha muda sikupendi, kunamsogeza kwenye miaka ya pensheni.

Mwisho ni usajili. Rehani ya hati iliyosajiliwa haina nguvu mpaka nayo isajiliwe, kwa hiyo risiti ya kupokelewa kwa maombi siichukui kama usajili. Nasubiri hati irudi ikiwa imeandikwa rehani, nalinganisha namba ya kiwanja tarakimu kwa tarakimu, ndipo nasaini fedha zitoke.